Kikohozi cha Mzee Semkiwa

Saa nane mchana, jua la Korogwe likiwa limekaa juu ya bati kama mgeni asiyeaga, Kalunde anafunika cherehani yake kwa kanga, anarudisha mlango wa duka nusu, anaketi juu ya mto wa sufi alioushona mwenyewe, anafumba macho na kuanza kuhesabu pumzi. Moja. Mbili. Kazi yake ni hiyo tu, afike kumi arudi moja. Lakini kwenye ya tatu anaingia Mwajabu. Haingii dukani, anaingia kichwani, na ndoo yake ya vitumbua na mdomo wake, na kuyarudia yale aliyoyasema asubuhi pale mlangoni: Shoga, kesho ni arobaini ya Mzee Semkiwa, tunaondoa tanga. Mtani wake ni wewe. Usipokuja ukamtania, mlango wangu usiujue, na sokoni usinisalimie.

Na Mwajabu hakukosea, hiyo ndiyo tabu yenyewe. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na utani si ngoma ya kucheza ukipenda. Mzigua akifa, mtani wake Mnyamwezi anakuja pale msibani, anavaa nguo ya marehemu, anaiga mwendo wake na vituko vyake, mpaka waliokuwa wakilia wanacheka machozi yakiwa bado mashavuni, na hapo ndipo tanga linaondoka kweli na watu wanarudi mashambani. Mnyamwezi wa mtaa huu ni Kalunde. Miaka ishirini yeye na Mzee Semkiwa, fundi saa wa duka la pili, wametukanana kila asubuhi kabla ya chai. Mpagazi we, umeamka bila mzigo? Mla bada we, umelala bila njaa? Mpagazi kwa mizigo ya misafara ya Wanyamwezi, bada kwa ule ugali wa muhogo wa Wazigua; ndiyo salamu yao, na siku isipokuwepo chai haishuki. Mzee alikuwa mtu wa koti la kijivu, jua liwake lisiwake, na mtu wa kuwepo. Likitajwa jambo lolote anakohoa, halafu anasema: Mimi nilikuwepo. Reli ilipojengwa alikuwepo. Mjerumani alipofungasha alikuwepo, na mama yake mwenyewe alikuwa hajazaliwa.

Sasa mwaka jana Kalunde aliitwa Dar es Salaam kushona mito arobaini ya hekalu moja la Mabudha, kwa mtawa mmoja kutoka Sri Lanka anayeitwa Bante, mtu mwembamba anayecheka kwa mabega. Alikalia mto mmoja kujaribu kama sufi imejaa sawasawa, na kwa namna fulani hajainuka juu yake mpaka leo. Kanisani hajaacha, kwaya anaimba vilevile, ila kila siku anakaa na pumzi yake, na alipewa ahadi tano za kushika. Nne kwa umri wake hazimsumbui. Ya mdomo ndiyo kazi: asiseme uongo, asiseme la kumuumiza mtu, asibwabwaje. Muda mfupi kabla ya msiba aliahidi kuishika bila doa mpaka mwezi mpevu wa pili, na huo ni keshokutwa. Mtaa haukuchelewa kusema. Mara amekuwa frimasoni, mara ana ugonjwa anauficha. Siku ya mazishi alikaa nyuma kimya, ahadi yake mdomoni kama pipi, na mzee akazikwa bila mzaha hata mmoja. Tangu siku hiyo mjane wake, Bi Mwanahawa, hajalia wala hajacheka. Amekaa kwenye mkeka akitazama ukuta, anakula vijiko viwili, anarudi ukutani. Koti la marehemu wamemletea Kalunde kama ilivyo desturi. Liko pale juu ya sanamu la kupimia nguo, kifungo cha tatu hakipo. Mwaka mzima mzee alimwomba akishone, naye alimjibu, lete bada kwanza.

Nne. Tano. Sita. Usingizi wa mchana haubishi hodi. Kwenye ya saba Kalunde anaona sindano ya cherehani yake inakua, inakua kama mlingoti, na tundu lake linakuwa mlango, naye anainuka kwenda kuchungulia, maana fundi hawezi kuona tundu la sindano asiweke kitu. Anainama. Anafikiria nyonga zake, anaona hazipiti, zinapita. Upande wa pili ni njia, njia ya uzi mwekundu, haina mwanzo wala fundo, inakwenda, inajikunja, inajirudia, inapita juu ya mashamba ya mkonge yaliyopandwa kichwa chini, na yeye anatembea juu yake bila kuchoka wala kusogea. Nane, anasema, kwa sababu ameamua hatapoteza hesabu hata huku. Tisa. Pembeni yake anatembea mtu. Hakumwona akija. Mtu huyo hana uso. Mahali pa uso pana kitambaa cha marekani, kipya, hakijachorwa wala kukatwa, na chini yake amevaa koti la kijivu ambalo Kalunde anahisi analijua, lakini hamalizi wazo hilo kwa kuwa yuko kwenye pumzi ya kumi na anapaswa kurudi moja. Samahani baba, anasema, njia hii inakwenda wapi? Mtu asiye na uso anasema, kwa sauti itokayo kifuani kama ya redio iliyofunikwa: Kitendawili. Na mtoto wa Kiswahili akisikia neno hilo hata akiwa kaburini atajibu. Tega, anasema Kalunde. Nina mgeni, hapigi hodi, anaingia anatoka, anaingia anatoka, na siku asiporudi nyumba yangu inavunjwa. Kalunde anafikiri. Paka, anasema. Siyo. Mume wa Mwajabu. Mtu anatingisha kidogo mabega. Siyo, umeshindwa, nipe mji. Ndiyo sheria ya vitendawili, aliyeshindwa anatoa mji, na watoto jikoni wanagawa Mombasa na Kigoma kama karanga. Kalunde anasema, nakupa Tabora, ndiko nilikozaliwa. Nimeupokea, anasema mtu, twende tukauone. Na njia inajikunja mara moja, kama kitambaa kinachokunjwa mezani, na Tabora iko mbele yao.

Ni Tabora na siyo. Stesheni iko upande usio wake, miembe yake ina vivuli pande zote mbili, na kuta za nyumba ni vioo, kila mtaa unautazama mtaa mwenzake na kujiona. Hakuna sauti. Barabarani, sokoni, mpaka juu ya reli, watu wameketi kwenye mito, mito yake yeye, anaijua kwa mshono, mamia kwa maelfu, wote wamevaa nyeupe, mgongo wima, nyuso za marekani. Moyo wa Kalunde unatulia. Hatimaye, anawaza, mahali ambapo hakuna wa kuniuliza kwa nini nimenyamaza. Anaona mto mtupu, anaketi, moja, mbili. Dada, mgongo, ananong'ona wa kulia kwake. Kalunde anaunyoosha. Sasa umezidi, ananong'ona wa kushoto, huyo ni askari wa gwaride. Una muda gani kwenye kukaa? Mwaka, anajibu Kalunde. Mwaka, wananong'onezana mstari mzima, mwaka, mwaka, kama wanaosema ana chawa. Mimi wa saba, anasema wa kulia, nimefika mahali mbwa akibweka simsikii. Mimi nikiumwa na mbu namshukuru, anasema wa kushoto. Mimi, anasema mmoja wa nyuma, sijivuni tena, na katika mtaa huu wote ni peke yangu. Ndipo Kalunde anapotazama kwenye kioo cha ukuta na kugundua kwamba hakuna aliyefumba macho. Wana marekani usoni, lakini kitambaa kimetobolewa vitundu viwili vidogo, na wote, mstari kwa mstari, wanachungulia vioo kuona nani amekaa vizuri kuliko nani. Anakumbuka kamati za harusi, wale wanaotazamana viatu. Kicheko kinampanda. Anakizuia, kinatokea puani. Shii, anasema wa kulia. Shii, wa kushoto. Shii, shii, mji mzima unamnyamazisha, mpaka kelele ya kunyamazisha inakuwa kubwa kuliko soko la Jumamosi, vioo vinatetemeka, na Kalunde anakimbia na mto wake kwapani.

Mwenye koti anamngoja njiani. Koti lake sasa ni pana kidogo, au yeye amepungua kidogo, lakini Kalunde hatazami, anatafuta hesabu yake, alikuwa kwenye ya ngapi. Baba, nirudishe nyumbani. Kitendawili, anasema mtu. Tega basi. Namtukana ananenepa, namnyamazia anakonda. Moto, anasema Kalunde. Unatukana moto, wewe? Basi ni deni. Siyo. Ni nguruwe wa jirani yangu. Siyo, na huyo nguruwe muache, nipe mji. Kalunde anaona ameupata ujanja. Nakupa Korogwe, anasema. Nimeupokea, anasema mtu, na kabla ya Kalunde kufurahi, njia inakunjwa tena upande wake wa ndani, ule wa bitana.

Katika Korogwe hii mto Pangani unapanda mlima. Wanawake wa mtaa wake wote wako sokoni, wamevaa sare, kitenge kimoja cha kasuku, Mwajabu mbele. Ni Mwajabu kwa kiuno na kwa sauti, ila usoni ni marekani. Shoga, anasema, tulijua utakuja. Tulijua utakuja, wanasema mia nyuma yake. Vaa. Vaa. Kalunde anavalishwa kitenge kabla hajakubali, na kitenge kina joto kama kimetoka kwenye mwili wa mtu. Haya, sema, anasema Mwajabu. Niseme nini? Chochote, mradi kiwe kama chetu. Naye Kalunde anafungua mdomo na mdomo unaanza kusema peke yake, kama cherehani iliyoachiwa mguu. Anamtania muuza nyanya, wanacheka. Anamtania kiwete, wanacheka vilevile, kwa urefu uleule, halafu wanakata kwa pamoja kama waliopimwa kwa futi. Anajisikia vizuri, na ni aibu kusema lakini ni kweli, ni utamu ule wa kuwa katikati ya watu wako na wote wanakutazama. Anaendelea. Pale kwenye mkeka ameketi mwanamke anautazama ukuta, na mdomo wa Kalunde unamwendea. Unamtania huyu naye, ukuta wake, vijiko vyake viwili. Kicheko kinakuja, urefu uleule. Na kila neno linapotoka Kalunde analiona, ni sindano, inapita hewani na uzi wake, inaingia kwa yule mwanamke inatokea upande wa pili, naye anapungua tu, anakuwa mdogo kama mtoto, kama kikoi kilichokunjwa. Basi, anasema Kalunde. Mdomo haukomi. Anaushika kwa mikono miwili. Shoga, anasema Mwajabu, usituangushe. Usituangushe, wanasema mia. Kalunde anavua kitenge kwa nguvu, kinachanika, na anatoka sokoni nusu uchi, na mto wake kwapani, akihema, na safari hii hahesabu. Pumzi zinaingia na kutoka bila karani.

Na kwa kuwa hahesabu, anaona. Mbele yake mwenye koti amesimama juu ya uzi, na amekonda, amekonda vibaya, koti linamning'inia kama nguo kwenye kamba. Kifungo cha tatu hakipo. Uzito wake ameuweka mguu wa kushoto. Mkono wake wa kulia unapapasa mfuko, unagusa funguo, unaacha, unagusa tena, unaacha, unagusa tena, kama mtu ambaye miaka arobaini hajaamini kwamba amefunga duka. Kalunde anasimama. Anatazama kama anavyotazama kitambaa cha mteja kabla ya kuweka mkasi, bila haraka, mpaka kitambaa chenyewe kiseme kinataka kukatwa wapi. Mtani, anasema. Jibu la kitendawili ni mtani. Namtukana ananenepa, namnyamazia anakonda. Ni wewe, mla bada. Mtu anataka kusema kitu lakini redio ya kifuani imekwisha betri. Basi Kalunde anaweka mto chini. Anaegemea mguu wa kushoto. Anapapasa mfuko asiokuwa nao, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, na kwenye marekani ile inatokea pua, pana, yenye kovu la nyuki, kama mtu wa ndani anaidarizi. Kalunde anatembea ule mwendo wake, wa kutangulia bega, kama anayepita katikati ya watu hata barabara ikiwa tupu. Masikio yanatokea. Anakohoa, mara mbili, kikohozi kile cha kufungua uongo. Mdomo unatokea, na kitu cha kwanza mdomo unasema ni, mpagazi we, umechelewa.

Nilikuwa na ahadi, anasema Kalunde, na anashangaa kwamba analia na kucheka kwa wakati mmoja. Najua, anasema Mzee Semkiwa. Ulipoahidi, mimi nilikuwepo. Hukuwepo, mzee. Nilikuwepo, nilikuwa nyuma ya yule mtawa mwembamba. Alikuambia usiumize. Alikuambia unyamaze? Kalunde anatafuta kumbukumbu hiyo, na haipo. Aliongeza mwenyewe, kama fundi anavyoongeza pindo nguo isikwame. Wameniletea hitima, anasema mzee, wameniletea pilau na machozi, Mungu awalipe, lakini hakuna aliyeniletea kikohozi changu. Bila hicho huku hawanijui, wananipa kazi ya kuongoza wageni. Na kile kitendawili cha kwanza? Pumzi, anasema Kalunde. Unaihesabu kila siku kama mwenye kiwanda, anasema mzee, na ikipita mlangoni unasema ni mume wa Mwajabu. Wanacheka wote wawili, uzi unayumba. Ndipo Kalunde anapoona kwamba juu ya pua bado ni kitambaa kitupu. Macho yako, mzee? Macho yako kwa mwenyewe, anasema. Nenda kwa Mwanahawa. Kuna kitu umekikosea, na ni yeye peke yake anayekijua. Halafu anavua koti na kumtupia begani, na koti ni zito kuliko mzigo wowote ambao babu zake waliwahi kubeba kutoka Tabora kwenda pwani, na Kalunde anazama nalo, kupitia uzi, kupitia bitana, kupitia tundu la sindano.

Shoga, umekufa? Ni Mwajabu, kichwa juu ya nusu ya mlango, uso wake mwenyewe mzima na jasho lake. Kalunde yuko chini, shavu juu ya mto wa sufi. Saa ya ukutani, ile aliyoitengeneza mzee na haijawahi kuwa sawa, inasema saa nane na dakika moja. Kesho unakuja au huji, anasema Mwajabu, nijue moja. Nakuja, anasema Kalunde. Ila ntakuja kwa namna yangu, wewe usiniharakishe. Mwajabu anamtazama sana. Hata ukija na mto wako huo, anasema, mradi uje, na sauti yake inavunjika kidogo hapo mwisho, na Kalunde anaona kumbe mdomo wote ule ulikuwa umembeba mtu anayeogopa kubaki peke yake. Mwajabu anapoondoka, Kalunde analiendea koti. Kifungo cha tatu kipo. Kimeshonwa kwa uzi mwekundu, kwa mshono wake.

Asubuhi ya arobaini ua wa Semkiwa umejaa. Visomo vimekwisha, masufuria yako nje, wanawake wamekaa kwenye mikeka, na watu wanatazama lango kwa macho ya kujifanya hawatazami. Kalunde anaingia na koti la kijivu. Hasemi neno. Kundi la Mwajabu linangoja matusi, linamhimiza, haya mpagazi, fungua mzigo. Hafungui. Anasimama tu, anavuta pumzi, anaitoa, na haihesabu. Anaegemea mguu wa kushoto. Mzee mmoja pembeni anaguna. Anapapasa mfuko, mara tatu. Mtoto anacheka, anafinywa. Anatembea bega mbele katikati ya ua, anawapisha watu wasiokuwepo, anasimama mbele ya sufuria la pilau, anaangalia ndani kama anaangalia mashine ya saa, anatingisha kichwa kwamba imekufa hii, leta nyingine, na sasa mikeka inaanza kutikisika. Hajaongeza kitu. Kila kilichoko pale kilikuwa cha mzee. Halafu anageukia mkeka ule ulioko kando ya ukuta, anachuchumaa mbele ya Bi Mwanahawa, anakohoa mara mbili, na kwa sauti ya mzee anasema: Mimi nilikuwepo.

Bi Mwanahawa anautazama ukuta. Pumzi moja inaingia, inatoka. Ya pili. Kalunde anahisi sindano zote za soko lile zinarudi kwake, na hakimbii. Kisha mjane anageuza shingo polepole, kama mlango ambao haujafunguliwa siku arobaini. Mara tatu, anasema. Nini, bibi? Alikuwa anakohoa mara tatu, wewe mpagazi usiye na masikio. Ya tatu alikuwa anaimeza, nisijue kwamba anadanganya. Miaka thelathini na nane nasikia akiimeza. Na anakohoa yeye, Bi Mwanahawa, mara moja, mara mbili, na ya tatu anaimeza, mashavu yamejaa, macho yamemtoka, ni mzee mtupu, na hapo ua wote unapasuka, Mwajabu ameanguka juu ya ndoo yake, na mjane anacheka, anacheka mpaka kicheko kinageuka kilio, kinageuka kicheko, na anasema, nipeni chakula, njaa inaniuma.

Kalunde anakaa chini hapohapo vumbini. Anainua macho, na nyuma ya watu, pale langoni, kuna mtu amesimama kwa mguu wa kushoto. Amenenepa. Ana macho. Nyuma yake njia nyekundu inakwenda, inajikunja, na kuta za nyumba za jirani zinang'aa kidogo, kama vioo, au kama bati lililopigwa jua la saa nane. Kalunde anajaribu kukumbuka alikuwa ameishia pumzi ya ngapi, ya saba au ya nane, na kama aliwahi kufungua macho. Kitendawili, anasema mtu wa langoni. Bi Mwanahawa, mdomo umejaa pilau, anamgusa kiwiko. Mjibu basi, anasema, unamngojesha. Tega, anasema Kalunde.